Gari la zamani halichaji? Pima kwanza, alternata utanunua baadae

Wakuu, gari la zamani likianza kuzingua kwenye chaji wengi wetu tunakimbilia kitu kimoja tu, alternata (mashine inayochaji betri) inang'olewa, inafungwa nyingine, gari linawaka vizuri siku mbili tatu halafu asubuhi betri imelala tena. Unarudi kulaumu alternata mpya kumbe ile ya kwanza haikuwa na shida yoyote, shida ilikuwa temino (kichwa cha kuungia waya) yenye kutu au waya wa ethi, ule unaokwenda kwenye bodi, umelegea nyuma ya injini. Kwenye magari haya yenye nyaya za miaka arobaini hamsini mimi huwa naanza kushuku nyaya kabla sijashuku mashine, na mara nyingi nyaya ndio zenye kesi.

Huhitaji vifaa vingi. Multimita ya kawaida, taa ya kupimia, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, msasa laini na spana zako. Kama gari lina dainamo (mashine ya chaji ya kizamani zaidi) tafuta na mita ya mshale, maana zile za namba zinaruka ruka kwa sababu ya kelele za umeme za brashi (vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka) na utabaki unakodoa macho bila kujua usome ipi.

Jua kwanza una dainamo au alternata

Hili wengi wanaliruka halafu wanapima vitu visivyokuwepo. Dainamo ni bomba refu jembamba la chuma, nyuma lina temino mbili, kubwa ni D na ndogo ni F, na lazima kuwe na kiboksi pembeni kwenye ukuta wa injini, ndani yake kuna regyuleta (inayodhibiti volti) na kataut (swichi inayotenganisha dainamo na betri isipochaji). Alternata ni fupi nene yenye matundu ya hewa. Chrysler walianza kuweka alternata kwenye Valiant ya 1960 na Wamarekani wengine wakafuata, Waingereza wakachelewa mpaka mwishoni mwa miaka ya 60, mfano MGB ilipata alternata ilipokuja Mk II mwishoni mwa 1967, na VW Beetle ilikaa na dainamo mpaka kama 1973. Ila usitegemee mwaka wa gari, fungua boneti uangalie kwa macho maana wenye gari waliotangulia walishabadilisha mengi.

Angalia pia ni upande gani wa betri umeenda kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60 yana ethi ya chanya, yaani waya wa chanya ndio unakwenda kwenye bodi. Ukifunga alternata ya kawaida kwenye gari kama hilo, au ukageuza nyaya za kubustia, daiodi (vile vidude vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo. Na kuna magari ya volti 6, Beetle za kabla ya modeli ya 1967 ni hivyo, kwa hiyo namba zote za volti za chaji na betri nitakazotaja hapa ni za volti 12, kwa volti 6 gawa kwa mbili.

Kabla ya yote, betri na mkanda

Betri mbovu inaigiza kila ugonjwa wa chaji. Iache gari ikae masaa kadhaa bila kuwashwa halafu pima: 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, chini ya hapo imelala. Ukiona imekaa kwenye 10.5 hivi na ukiichaji kwa chaja ya nje haipandi, ujue seli moja imekufa, kwa sababu kila seli inatoa kama volti 2.1. Betri ya hivyo hakuna alternata itakayoiokoa, na ukiilazimisha alternata ichaji betri iliyokufa unaichosha na yenyewe.

Halafu mkanda wa feni. Bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa kidole gumba, ushuke kama milimita 13. Ukiwa umelegea utapiga kelele ukiwasha taa kubwa, ukiwa umekaza kupita kiasi unaua beringi. Angalia na pembeni za mkanda, ukiona zinang'aa kama kioo mkanda umeshateleza sana, badilisha tu. Wenye Beetle sikilizeni vizuri, kwenu mkanda huohuo ndio unazungusha feni ya kupoza injini, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi ikiwaka mko barabarani simama hapohapo, usiseme nifike tu nyumbani, injini itaungua kabla betri haijaisha.

Sasa washa gari, piga resi kiasi, pima kwenye temino za betri zenyewe. Ukipata kati ya 13.8 na 14.5 chaji ipo. Ukipata ileile 12.4 uliyopima gari likiwa limezimwa, au inashuka taratibu, hakuna chaji. Ukipata 15 kwenda juu chaji imezidi. Hapo ndipo dalili zinagawanyika, na taa ile ndogo nyekundu ya dashibodi inaongea mengi kuliko watu wanavyodhani.

Ufunguo umewashwa, injini haijawaka, na taa ya chaji haiwaki

Kwenye alternata zenye regyuleta ndani, kama zile za kampuni ya Lucas ya Uingereza, 15ACR mpaka 18ACR, taa hii sio pambo. Umeme mdogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha alternata, balbu ikiungua alternata haiamki, au inaamka ukipiga resi sana tu. Kwa hiyo balbu mbovu inaweza kukufanya ununue alternata nzima. Na hapa kuna mtego, kuna watu wanabadilisha balbu za dashibodi wanaweka LED zipendeze, wanasahau hiyo ya chaji ilitakiwa iwe balbu ya kawaida ya wati 2.2 hivi, LED haipitishi umeme wa kutosha, gari linaacha kuchaji na mtu haelewi imekuwaje.

Kupima ni rahisi. Chomoa plagi nyuma ya alternata, chukua ule waya mwembamba (kwa Lucas temino yake imeandikwa IND) uguse kwenye chuma cha injini ufunguo ukiwa umewashwa. Taa ikiwaka, balbu na waya ni wazima, shida iko ndani ya alternata, na mara nyingi ni brashi zimeisha au hazigusi vizuri. Brashi unabadilisha bila kutupa alternata. Taa isipowaka basi ni balbu, soketi yake, waya au fyuzi, usiiguse alternata kabisa.

Kwenye dainamo mambo ni tofauti. Dainamo inajiamsha yenyewe kwa sumaku iliyobaki kwenye chuma chake, kwa hiyo balbu ikiungua bado inachaji, unachokosa ni taarifa tu.

Taa inawaka muda wote hata ukipiga resi

Umeshaangalia mkanda? Haya. Kwenye alternata pima kwanza kwenye ile temino kubwa nyuma yake, injini ikiwa imezimwa. Lazima uone volti sawa na za betri. Ukikuta sifuri, waya mkubwa umekatika njiani au fyuzi yake imeungua, na alternata inayozunguka bila kuunganishwa na betri inaweza kujiua kwa hiyo usiendelee kuwasha washa gari huku unatafuta.

Volti zipo? Basi tunauliza swali moja, mbovu ni regyuleta au ni alternata yenyewe. Unalazimisha alternata itoe kila ilichonacho bila regyuleta kuingilia. Alternata ya Delco 10SI ya magari ya GM (General Motors) imerahisisha sana, nyuma ina tundu lenye umbo la D, injini ikiwa inazunguka taratibu unaingiza bisibisi nyembamba, isiingie zaidi ya milimita 25, iguse kile kidole cha ndani na wakati huohuo iguse na ukingo wa tundu. Volti zikiruka juu, alternata ni nzima, regyuleta ndio mbovu. Zisipobadilika, kosa liko kwenye rota (sehemu inayozunguka), brashi, daiodi au koili za ndani. Sekunde chache tu zinatosha, wakati huo hakuna kinachozuia volti na balbu zako zitaungua zote. Kwa alternata nyingine zenye regyuleta ya nje tafuta mchoro wa gari lako kabla hujaunganisha kitu, kwa sababu kuna ambazo waya wa fildi (koili ya sumaku) unalishwa chanya na nyingine unapelekwa ethi, ukichanganya unachoma.

Ukitoa ufunguo kabisa halafu taa bado inang'aa, hiyo ni kesi nyingine, kuna daiodi imepiga shoti na umeme wa betri unarudi kinyumenyume kupitia kwenye taa. Chomoa plagi ya alternata usiku huohuo maana asubuhi hutakuta kitu kwenye betri.

Taa inawaka hafifu

Hii inawasumbua watu sana kwa sababu gari linachaji, au linaonekana linachaji. Elewa taa inavyofanya kazi utaipata: upande mmoja inalishwa kutoka swichi ya ufunguo, upande mwingine kutoka alternata. Pande zote zikiwa na volti sawa, haiwaki. Ikiwaka hafifu maana yake pande hazilingani, upande mmoja una 14 na mwingine labda 13. Sasa washa taa kubwa, feni ya hita na waipa. Mwanga ukiongezeka kadri unavyoongeza mzigo, kuna ukinzani njiani, kontakti za swichi ya ufunguo zimechakaa, fyuzi boksi ina kutu, au plagi ya alternata imelegea. Safisha zote kwa msasa, kaza, mara nyingi inaishia hapo bila kununua chochote.

Isipokuwa hivyo, shuku daiodi. Weka multimita kwenye volti za AC, injini inazunguka na taa zimewaka, pima kwenye betri. Ikizidi nusu volti kuna daiodi inavuja au imekufa. Dalili nyingine ni redio kupiga mluzi unaopanda na kushuka na resi.

Taa imezima vizuri lakini betri inakufa

Hapa ndipo alternata nyingi zinapouawa bila hatia, kwa hiyo tukae kidogo.

Taa inakwambia alternata inazalisha, haikwambii umeme umefika. Kinachotakiwa ni kupima volti zinazopotea njiani. Injini iwe kwenye resi ya kati, washa taa kubwa na feni, kisha weka waya mmoja wa mita kwenye temino kubwa ya alternata na mwingine kwenye nguzo ya chanya ya betri, nguzo yenyewe sio klemu. Watu wanashangaa unapimaje chanya kwa chanya, ila mita inakuonyesha tofauti tu, na tofauti ndiyo hasara. Isizidi 0.3. Ukiona nusu volti, volti nzima, umeme unaishia kwenye kutu. Sogeza mita kidogo kidogo kufuata waya, kutoka temino moja kwenda nyingine, pale namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo.

Rudia upande wa ethi, mwili wa alternata kwa nguzo ya hasi ya betri (kwa gari lenye ethi ya chanya badilisha pande). Hapa isizidi 0.2. Injini imekaa juu ya raba kwa hiyo umeme wake wote unarudi kupitia kwenye ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi, na mkanda huo ukikatika nusu au ukiwa na mafuta, umeme unatafuta njia nyingine, waya wa akselereta, waya wa choki, hata utauona unapata moto na kutoa moshi wakati wa kupiga stata. Magari yaliyotengenezwa upya na kupakwa rangi yanaongoza kwa hili, fundi amepiga rangi nzuri kila mahali mpaka pale ethi inapokaa, gari linang'aa halafu halichaji. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, funga, paka grisi juu yake.

Kama hasara hakuna pande zote, fanya hesabu ya matumizi. Dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 kwa uwezo wake wote, C39 inatoa 19. Taa kubwa mbili za wati 45 zinakula ampea 7.5, ongeza taa za nyuma, waipa, hita, mfumo wa kuwashia injini, umeshafika 15 au zaidi kabla hujaongeza feni ya umeme na redio yenye amplifaya. Na dainamo ikiwa kwenye mzunguko wa chini haitoi karibu chochote, kwa hiyo kwenye foleni usiku betri ndio inabeba kila kitu. Huo sio ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Vilevile taa ya chaji kumeremeta kidogo gari likiwa limesimama ni kawaida kwa dainamo, ikizima ukipiga resi kidogo usihangaike.

Dainamo haichaji kabisa

Kipimo chake ni kitamu kwa sababu kinakupa jibu moja kwa moja. Chomoa nyaya zote mbili nyuma ya dainamo, weka alama ipi ni ipi. Unganisha temino D na F kwa kipande cha waya, mita ya mshale iweke kati ya hapo na chuma cha dainamo. Washa injini, ongeza resi taratibu mpaka volti zifike kama 20 halafu ishia hapo, usipige resi kuitafuta namba kubwa zaidi. Ikipanda vizuri bila kukatakata dainamo ni nzima, nenda kwenye kiboksi na nyaya.

Isipopanda, namba yenyewe inakupa jibu. Sifuri kabisa, angalia brashi, zimekwama au zimeisha. Nusu volti hadi volti moja, koili za fildi zina shida. Volti 4 au 5, shuku amecha (sehemu ya ndani inayozunguka). Fungua uangalie komyuteta (pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi), iwe ya kahawia inayong'aa, ikiwa nyeusi isafishe kwa kitambaa chenye petroli kisha msasa laini, na zile njia kati ya vipande vya shaba zisijae vumbi la brashi. Ukimaliza tia matone machache ya mafuta ya injini kwenye kile kitundu cha nyuma, bushi ile ikikauka amecha inaanza kugusa pembeni na hapo ndio mwisho wake.

Dainamo iliyokaa muda mrefu au iliyotoka kwa fundi inaweza kuwa imepoteza sumaku, au imepata ya upande usio wako. Kwa Lucas, nyaya zikiwa zimechomolewa, chukua waya kutoka nguzo ya betri isiyokwenda kwenye bodi, gusa temino F haraka haraka mara mbili tatu, utaona cheche ndogo, imetosha. Hii ni ya F ya dainamo tu, usiguse F ya kwenye kiboksi. Dainamo za Marekani zina namna yake tofauti, fuata kitabu cha gari.

Dainamo nzima lakini chaji haipo? Fungua kiboksi, kwa kile cha Lucas RB106 utakuta temino F, A, A1, D na E. Hiyo E ndio watu wanaisahau, bila ethi nzuri regyuleta haijui inapima nini. Pointi za kataut zinaweza kuwa na weusi, pitisha msasa laini wa kioo, usitumie emeri, toa betri kwanza. Zikigandana ni hatari, ukizima gari betri inaanza kujimwaga kwenye dainamo, nyaya zinapata moto. Ukisikia harufu ya kuungua gari limezimwa, toa temino ya betri kwanza, maswali baadae.

Chaji imezidi

Balbu zinaungua ovyo, betri inatoa harufu ya mayai yaliyooza, maji yake yanaisha kila mara na kuna unga mweupe kwenye temino. Ukipima ni 15 au 16. Kabla hujabadilisha regyuleta pima ethi yake, na kama alternata yako ina waya wa kusoma volti angalia haujakatika au kuokota kutu, maana regyuleta ikisoma 13 wakati betri ina 15 itaendelea kusukuma tu. Ethi na waya vikiwa safi, regyuleta imekufa. Usiendeshe gari hivyo, betri iliyochemka inatoa gesi inayolipuka.

Asubuhi betri imelala, jana ilikuwa nzima

Toa ufunguo, funga milango, vua klemu ya upande wa ethi, weka mita kwenye ampea kati ya klemu na nguzo. Gari la zamani lisilo na redio ya kisasa linatakiwa lionyeshe karibu sifuri, saa ya dashibodi inakula kidogo sana. Ukiona miliampea mia na kitu au zaidi, kuna mwizi. Chomoa plagi ya alternata kwanza (au waya D wa kataut), ikishuka umempata. Isiposhuka toa fyuzi moja moja, lakini magari haya yana nyaya nyingi ambazo hazipiti kwenye fyuzi kabisa, kwa hiyo kagua pia taa ya buti, honi na redio iliyofungwa na mtu aliyekuwa na haraka. Usipige stata mita ikiwa hapo kwenye ampea, fyuzi yake itaondoka.

Na kile kipimo cha kienyeji cha kuvua temino ya betri injini ikiwa inazunguka uone kama gari litazima, tafadhali acheni. Kwenye alternata volti zinaruka ghafla na kuua daiodi na regyuleta, umeanza na alternata nzima umemaliza na mbovu. Wanaotaka kutoa dainamo waweke alternata ya ampea 45 au zaidi nao wasiache ile ampmita (mita ya ampea) ya dashibodi ya ampea 30 na waya wake mwembamba katikati ya njia, umeme wote unapita nyuma ya dashibodi hapo, pitisha waya mpya mnene moja kwa moja mpaka betri na uweke fyuzi karibu na betri.